Sheria zimefuta mikataba ya usiri kwenye kesi za unyanyasaji kazini, mbona watu bado wako kimya?

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu, salaam.

Nina swali linalonikosesha raha. Mnaijua ile karatasi. Umelalamika kwamba bosi anakushikashika, au umenyimwa cheo kwa sababu ya mimba, rangi, dini au ulemavu. Unaitwa ofisini, unawekewa fedha mezani, na pamoja na fedha kuna mkataba wa usiri, huu wanaouita NDA. Ukisaini, yaliyokupata humsimulii mtu. Unaondoka, wenzako wanaambiwa "walimalizana", na aliyekufanyia hayo anabaki kitini pake au anahamia kwingine na barua nzuri ya sifa.

Sheria za kuzuia jambo hili zimeshatungwa. New York walianza 2018, California na New Jersey wakafuata 2019, Ireland Novemba 2024. Nyingine zinatamka wazi kwamba kifungu cha kumziba mdomo mlalamikaji hakina nguvu. Nilitegemea milango ifunguke watu waseme. Bado wanaosema ni wa kuhesabika.

Kama kifungu ni batili, nini kinachowaziba midomo?

#2 Tindo
Njaa, mkuu. Mtu kaondolewa kazini, kodi ya nyumba inamsubiri na ada za watoto zinamsubiri. Akiwekewa mishahara ya mwaka mzima mbele yake atasaini chochote, na akishazila atanyamaza. Uzi ufungwe.

#3 Bahari Kuu
Tindo usifunge, ndio kwanza tumekaa. Kalamu, umeiacha kubwa kuliko zote. Desemba 2022 Biden alisaini sheria inayoitwa Speak Out Act. Marekani nzima sasa hakuna mkataba wa usiri kwenye mambo haya. Asiyesema huko ni mwoga tu.

#4 Mzee wa Vifungu
Bahari Kuu, naomba nisahihishe.

Speak Out Act ni ya tarehe 7 Desemba 2022, hapo uko sawa. Lakini inagusa mikataba iliyosainiwa *kabla* mgogoro haujatokea, yaani ile unayopewa siku ya kuajiriwa ikiwa katikati ya fomu za benki na bima, unasaini bila kusoma. Mkataba wa kumalizana, unaosainiwa baada ya kulalamika, sheria hiyo haikuugusa. Na ndio anaouzungumzia Kalamu. Tena inahusu unyanyasaji na shambulio la kingono peke yake. Aliyebaguliwa kwa umri au ulemavu hapati kitu humo.

Kwa hayo mengine unategemea jimbo ulilopo, na majimbo hayafanani. Jimbo la Washington, tangu Juni 2022, hata kumwomba mfanyakazi asaini ni kosa, na mwajiri anaweza kulipishwa dola 10,000 au hasara halisi, ile iliyo kubwa. Mengi mengine hayana sheria ya namna hiyo kabisa. Kwa hiyo hilo neno "mwoga" tuliweke pembeni.

#5 Tindo
Mzee wa Vifungu kaingia, sasa tutapewa na tarehe ya kuzaliwa ya kila sheria 😄

#6 Mama Wawili
Nimesoma neno "mwoga" nikasita, kisha nikaamua niandike.

Nilisaini. Sitataja mwajiri. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nikakuta kazi yangu imegawiwa watu wawili na mimi nimepewa meza isiyo na kazi. Nililalamika kwa maandishi. Siku waliyoniita, karatasi ilikuwa tayari, na nikaambiwa jibu linatakiwa kabla ya ofisi kufungwa. Ilisema nisimweleze mtu "yeyote" sababu za kuondoka kwangu. Nilipouliza kama mume wangu naye ni "yeyote", yule bwana aliangalia karatasi yake akasema nisome tena.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye, kwenye usaili. Kila mahali wanauliza, "Kwa nini uliacha kazi?" Nikisema ukweli, nimevunja mkataba. Nikisema "nilitaka changamoto mpya", najisikia mwongo, na wanaona usoni kwamba kuna kitu nimekificha.

Tindo, fedha zilisaidia, sikatai. Lakini zilikwisha, na ukimya haujaisha. Mpaka leo nikimwona mtu wa ofisi ile njiani moyo unaenda mbio. Ninyi mnasema kifungu ni batili. Mimi ninayelala nacho, nani kaja kuniambia?

#7 Nuru K
Pole sana Mama Wawili, na asante kwa kuandika.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu langu kwa Kalamu. Kifungu batili hakifutiki kwenye karatasi. Kinabaki palepale kwa herufi zilezile, na anayekisoma nyumbani usiku hana jaji pembeni wa kumwambia hakina nguvu. Mwajiri anajua hilo. Hana haja ya kushinda kesi, anachohitaji ni wewe uogope kuianza.

Ndiyo maana California waliona haitoshi kusema "batili" tu. Tangu Januari 2022, mkataba wa kuachana na kazi wenye kifungu cha kumzuia mtu asiseme mambo ya kazini lazima uwe na maneno yanayotamka kwamba hakuna kinachomzuia kueleza vitendo haramu vilivyofanyika kazini, kama unyanyasaji na ubaguzi. Yaani haki yako iandikwe kwenye karatasi ileile.

#8 Utumishi Mstaafu
Nimefanya kazi idara ya utumishi maisha yangu yote, niwape upande ambao hamuuoni.

Wengi mnafikiri kuna mtu anakaa anapanga jinsi ya kumziba mtu mdomo. Wapo wa hivyo. Lakini mara nyingi kuna faili moja kwenye kompyuta linaitwa "makubaliano ya kuachana". Liliandikwa na wakili zamani, anayelitumia leo anabadilisha jina, tarehe na kiasi. Sheria ikibadilika, faili halibadiliki mpaka mtu ashtakiwe. Nimewahi kuona mkataba wa mhasibu wenye kifungu cha siri za mitambo ya kiwanda, na hapakuwa na kiwanda.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo kuliko za kwenu: uzembe. Vifungu vilivyokufa vinaendelea kusainiwa kwa sababu hakuna aliyevitoa.

#9 Mama Wawili
@Utumishi Mstaafu, shikamoo. Kwa heshima zote, wangu haukuwa uzembe. Neno "mimba" lilikuwa limetajwa mle kwa jina, kwamba nisilitaje.

#10 Utumishi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kama ni hivyo, huo ulikusudiwa. Pole sana.

#11 Jabali
Naona wote mko upande mmoja. Na anayesingiziwa je? Kuna mtu anamalizana si kwa sababu ana hatia, ila kesi itakula miaka na jina lake litachafuka kabla hajasikilizwa. Analipa ili yaishe. Mkimwondolea usiri, amenunua nini? Atasema bora twende mahakamani, na hapo mlalamikaji ndiye atakayeumia, maana mwenye mawakili wengi ni kampuni.

#12 Bahari Kuu
Jabali kagusa pazuri, nami nilitaka kufika hapo. Ukimya ni bidhaa, na mlalamikaji ndiye muuzaji. Sheria ikimkataza kuuza, bei ya makubaliano inashuka. Hoja hii imebishaniwa hata na mawakili wanaowatetea wafanyakazi. Huenda watu wako kimya kwa sababu wengine wanaafikiana kwa njia za chini chini, ukimya usioandikwa popote ila fedha zinatoka kwa awamu. Ukisema, awamu inakata.

Kwenye kodi pia: sheria ya kodi ya Marekani ya 2017 inasema malipo ya kumaliza kesi ya unyanyasaji wa kingono, yakiambatana na usiri, mwajiri hawezi kuyatoa kama gharama za biashara. Umewahi kusikia mwajiri aliyeacha kutaka usiri kwa ajili ya kodi? Mimi sijasikia.

#13 Kalamu Nyeusi
@Jabali, sheria nyingi kati ya hizi hazilazimishi kila kitu kiwe hadharani. Kiasi cha fedha kinaweza kubaki siri, California wanaruhusu, Washington wanaruhusu. Kinachozuiliwa ni kufunika *kilichotendeka*. Asiye na hatia bado anaweza kusema hana hatia, na wengi huandika hivyo hivyo kwenye makubaliano.

@Bahari Kuu, hilo la ukimya kuwa bidhaa linanikera, ingawa naona una hoja. Anayeununua hanunui ukimya wa yule mmoja tu. Ananunua na nafasi ya kumfanyia hivyo hivyo atakayeajiriwa baada yake, na huyo hakuwepo mezani wala hakulipwa. Nani alimuuliza?

#14 Chaurembo
Nimekuwa nikisoma kimyakimya. Niseme jambo ambalo halitawapendeza.

Usiri niliuomba mwenyewe.

Sikutaka ndugu zangu wajue. Sikutaka jina langu likitafutwa mtandaoni lianze na yale. Nilitaka kufanya kazi yangu, nijulikane kwa kazi yangu. Walipokubali kutosema na mimi nikakubali kutosema, nililala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sasa nawasoma mnajadili "mbona wako kimya" kana kwamba ukimya wetu ni ugonjwa wa kutibiwa. Mwingine yuko kimya kwa sababu ndivyo anavyotaka.

#15 Nuru K
Chaurembo, umesema vizuri, na watunga sheria walilisikia hilo. Prince Edward Island, jimbo dogo la Kanada, ndio wa kwanza nchini humo kuwa na sheria yake, Mei 2022. Haikufuta mikataba yote. Inaruhusu usiri ikiwa mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeutaka, amepata nafasi ya kushauriana na wakili wake huru, hakushinikizwa, na mkataba una muda maalumu. Pia lazima umwachie nafasi ya kubadili mawazo siku za mbele akaamua kusema. Ireland ni karibu hivyo: mfanyakazi ndiye aombe, mwajiri alipie wakili huru wa kumshauri, na baada ya kusaini ana siku 14 za kujitoa bila adhabu.

#16 Tindo
Hapo kwenye "mfanyakazi ndiye aombe" ndipo nisipopaamini. Unaitwa, unaambiwa, "Tuna ofa nzuri, ila kwa sheria ya sasa sisi hatuwezi kukuomba usiri. Wewe ukiona unauhitaji, tuandikie barua." Ofa bila barua ni nusu. Utaandika au hutaandika?

#17 Mzee wa Vifungu
Leo Tindo amesema jambo la kuandikwa. Huo ndio upenyo ambao wachambuzi wa sheria wanauhofia: ombi la mfanyakazi lililozaliwa kwenye mdomo wa mwajiri. New York walijaribu kuuziba kwa muda. Mlalamikaji hupewa hadi siku 21 za kutafakari na siku 7 za kubatilisha baada ya kusaini. Novemba 2023 wakaongeza kwamba makubaliano yakimtaka arudishe fedha au alipe faini akivunja usiri, basi mwajiri hawezi kuyategemea kama msamaha wa madai, yaani ile ahadi ya mfanyakazi kwamba hatamshtaki. Hiyo ilikuwa ndoano yenyewe. Watu hawaogopi kifungu cha usiri, wanaogopa kile kinachofuata chenye tarakimu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jibu la Kalamu halimo kwenye mikataba. Liko kwenye kesi ya kashfa. Futa mikataba yote kesho, bado ukimtaja mtu anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina. Utashinda labda, lakini baada ya gharama gani? California waliliona, na tangu Januari 2024 anayeeleza unyanyasaji au ubaguzi bila nia mbaya ana kinga, na akishinda kesi ya namna hiyo analipwa gharama za wakili. Ni jimbo moja. Huko kwingine kila anayetaka kusema anahesabu kwanza.

#18 Sauti ya Kusi
Mmezunguka kote bila kumtaja Zelda Perkins. Alikuwa msaidizi wa Harvey Weinstein, yule mtayarishaji filamu wa Hollywood, ofisi ya London. Mwaka 1998 mwenzake alimweleza kwamba Weinstein alijaribu kumbaka. Waliondoka wote wawili, na yakaisha kwa pauni 250,000 za kugawana na mkataba wa usiri. Hakuruhusiwa hata kubaki na nakala kamili ya mkataba aliosaini. Akae nao miaka asiweze kusoma alichokatazwa! Aliuvunja 2017, na baadaye akaanzisha kampeni ya Can't Buy My Silence pamoja na Julie Macfarlane, profesa wa sheria. Sheria ya Ireland na ile ya Prince Edward Island zimepitia kwenye mikono ya watu wa aina hiyo, walioungua wenyewe.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu nyingine: watu hawajui walichosaini. Mama Wawili, una nakala yako?

#19 Mama Wawili
Ninayo. Iko ndani ya bahasha, sijaifungua tangu siku ile.

#20 Nuru K
Niongeze na Ifeoma Ozoma, aliyekuwa mfanyakazi wa Pinterest, kampuni ya mtandao wa picha. Mwaka 2020 yeye na mwenzake Aerica Shimizu Banks walivunja mikataba yao wakasema hadharani kwamba walibaguliwa kwa jinsia na kwa rangi. Kwa sheria ya California ya wakati ule, kinga ilikuwa kwenye jinsia na haikufika kwenye rangi. Mtu mmoja, bosi mmoja, tukio lilelile, nusu unalindwa ukisema na nusu hulindwi. Ozoma akashirikiana na seneta Connie Leyva na sheria mpya ikasainiwa Oktoba 2021, ikaanza Januari iliyofuata. Ndiyo ile niliyoitaja #7.

Mnaona kwamba sheria hizi zinafuata nyuma ya waliothubutu? Wanaosubiri sheria iwaruhusu ni wengi kuliko wanaovunja ili sheria ije.

#21 Jabali
Bado sijajibiwa vya kutosha, ila hii ya rangi na jinsia sikuijua. Nusu kinga ni kichekesho kibaya.

Swali la pembeni: siri za biashara nazo zimefutwa? Nimesaini za programu tunayoitengeneza kazini, nisije nikajiachia nikajikuta mahakamani.

#22 Mzee wa Vifungu
Hapana Jabali, hizo ziko palepale. Fomula, wateja, msimbo wa programu, usivitoe. Sheria hizi zinahusu vitendo haramu walivyofanyiwa watu. Shida ni pale mwajiri anapoandika kifungu kipana, "taarifa zozote za ndani", na mtu anaamini mkono wa bosi wake nao ni taarifa ya ndani.

Angalieni pia kifungu cha kutosemana vibaya, ni ndugu wa ule wa usiri aliyebadilishwa jina. New Jersey kilijaribiwa hivyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hakiwezi kumzuia mtu kueleza unyanyasaji au ubaguzi aliofanyiwa.

#23 Bahari Kuu
Na Uingereza? Nasikia wamepitisha.

#24 Sauti ya Kusi
Vipande vipande. Vyuo vikuu vya England haviruhusiwi tangu Agosti 2025 kutumia mikataba hii kwa unyanyasaji na uonevu. Tangu Oktoba 2025, England na Wales, mkataba hauwezi kumzuia aliyefanyiwa uhalifu kuzungumza na polisi, wakili au watoa msaada. Kwa wafanyakazi wote, sheria ya ajira ya 2025 ina kifungu cha kubatilisha usiri wa unyanyasaji na ubaguzi, ila kinasubiri kanuni za serikali.

Kimataifa upo Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019. Ibara ya 10 inataka faragha ya wahusika ilindwe na papo hapo ihakikishwe kwamba masharti ya usiri hayatumiwi vibaya. Yaani Chaurembo yumo na Mama Wawili yumo, katika aya moja.

#25 Chaurembo
Asante kwa hilo. Na Mama Wawili, kama nilionekana nakupinga, sikukupinga. Mimi niliulizwa. Wewe hukuulizwa.

#26 Mama Wawili
Nimekuelewa dada yangu.

Mzee wa Vifungu, nikiifungua hiyo bahasha nitafute nini?

#27 Mzee wa Vifungu
Kwanza tarehe, maana nyingi ya sheria hizi haziangalii nyuma, zinahesabu kuanzia siku zilipoanza. Pili, tafuta mstari unaotaja mkataba utatafsiriwa kwa sheria za wapi. Tatu, kama kuna adhabu ya fedha na ni kwa jambo gani hasa. Nne, orodha ya unaoruhusiwa kuongea nao, kama ipo. Usiandike hayo hapa. Mpelekee wakili wa kazi, na mwambie mapema kwamba unakuja kuuliza unachoweza kusema, si kushtaki, ili asianze safari usiyoitaka.

#28 Tindo
Narudi kwenye swali la Kalamu. Mpaka sasa tuna njaa, hofu, uzembe, kashfa, barua za kuombeshwa, kutojua ulichosaini, na hiari. Mimi bado nasema njaa.

#29 Mpita Njia
Nimechelewa, nimesoma wote. Hakuna aliyetaja mashahidi. Mlalamikaji analindwa na sheria, sawa. Mimi nilikuwa nakaa meza ya pili, nikaona yote. Sikulalamika, sikulipwa, sikusaini chochote cha kumalizana. Nilichosaini ni kile cha siku ya kuajiriwa, na bado niko kazini hapohapo. Mwenzangu akisema leo, watamwambia alete mtu aliyeona. Sheria gani kati ya mlizozitaja inanigusa mimi?

#30 Mzee wa Vifungu
Swali zuri, na jibu linatofautiana kwa kila sheria. Speak Out Act inakugusa kwa kiasi, maana ni ya mikataba ya kabla ya mgogoro. Washington pia inawalinda wanaosema kuhusu vitendo haramu vya kazini. Lakini kulindwa usishtakiwe ni jambo moja, na kubaki na kazi ni lingine. Uko chini ya sheria ya wapi?